Chupa ya Funza Kumi na Mmoja

Pale kwenye taasisi ya wadudu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kibano, kwa sababu ya kibano chake chembamba cha chuma ambacho hakumwazima mtu, hata Daktari mwenyewe, na kwa sababu ya vidole vyake. Ungempa mdudu mdogo kuliko punje ya chumvi, naye angemlaza juu ya kioo miguu yote sita imenyooka na vipapasio vimeelekea mbele, kama mteja aliyesimama kupimwa suti. Wenzake walikuwa wakisema kiroboto akitaka kuvaa soksi itabidi apelekwe kwa Kibano. Yeye aliwasikia, akacheka kidogo kupitia puani, akainama tena kwenye hadubini.

Kazi yake ilikuwa kuwafanya wadudu waliokufa wasomeke. Mdudu aliyetoka kwenye spiriti ni bonge tu. Ukimweka chini ya hadubini mwanga haupiti, huoni kitu. Kwa hiyo Kibano alimtia kwanza kwenye maji ya potashi, ambayo hula nyama na mafuta ya ndani na kuacha ngozi peke yake. Kisha alimsuuza, akampitisha kwenye spiriti kali ili kumtoa maji, akamlowesha kwenye mafuta ya karafuu mpaka akang'aa kama kioo, ndipo akamlaza kwenye slaidi chini ya tone la gundi na kumfunika kwa kigae chembamba cha kioo. Mwisho aliandika lebo kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo, na nguo zake zote, hata za kutokea, zilinuka karafuu.

Mara moja moja polisi nao walileta chupa. Nzi hachelewi kufika penye maiti. Hutaga mayai, mayai huwa funza, na funza hujivua ngozi mara mbili kabla ya kukomaa. Kila ajivuapo, matundu yake ya kupumulia, ambayo yako nyuma na si mbele, hubadilika: katika umri wa pili yana mipasuo miwili kila upande, katika umri wa tatu yana mitatu. Anayejua joto la siku zile, akiiona mipasuo na urefu wa funza mkubwa kuliko wote, anaweza kuhesabu kurudi nyuma na kusema mayai yalitagwa lini.

Jumatano moja asubuhi sajini alileta chupa ya namna hiyo. Daktari, ambaye ndiye mkuu wa maabara, aliipokea kwa saini, akaiweka mezani kwa Kibano, akamwambia anataka slaidi tatu kesho yake mchana, akaenda zake kikaoni. Kibano alivaa miwani akasoma kadi iliyofungwa shingoni mwa chupa. Jumatatu, saa nne asubuhi. Mwanamume, miaka themanini na mmoja. Sakafu ya bafu. Nyumba namba kumi na saba, barabara ya nyuma ya posta.

Nyumba ile aliijua. Aliwahi kusimama mlangoni pake akimsubiri mdogo wake amalize kazi.

Mdogo wake huyo, wa mwisho kuzaliwa, nyumbani walimwita Kitinda, na jina likamganda mpaka miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Kwa miaka miwili alikuwa kwa mzee mmoja mpimaji ardhi mstaafu, mjane, ambaye watoto wake walikuwa ng'ambo. Kitinda alikwenda kwake kila siku asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Jumatatu ile alifika akamkuta mzee amelala bafuni, amekufa. Hospitali walipompasua walisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka, lakini kwa joto lililokuwepo hawakuweza kusema ni lini, wala kama alikufa papo hapo au alilala pale saa nyingi. Watoto wake walitaka kujua. Kitinda akaandikisha maelezo polisi na kuweka saini: Jumapili alimpa mzee chai na mkate, akampa dawa zake, akamwacha saa sita mchana ameketi karibu na redio, mzima.

Kitinda aliyarudia maneno yale kwa Kibano kwa machozi, Mama asisikie, na Kibano aligundua kwamba kila mara yalikuja yaleyale, kwa mpangilio uleule. Alidhani ni huzuni. Watu wenye huzuni hung'ang'ania neno moja.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mwisho wa juma ule Kibano alikuwa safarini. Chuo kimoja cha mji mwingine kilimwita awafundishe wanafunzi namna ya kuandaa slaidi, na hakuna aliyewahi kumwita kufundisha maishani mwake. Ijumaa asubuhi mama yao, ambaye huishi kwa Kibano, alianza kizunguzungu. Kibano akampigia Kitinda simu aje akitoka kazini, akae na Mama mpaka Jumapili jioni. Kitinda akauliza, na mzee je? Kibano akamjibu kwamba si mbali, atakuwa anachomoka asubuhi na kurudi. Akaongeza, nusu kwa utani, asipigiwe simu labda nyumba iwe inaungua.

Sasa alikuwa amekaa na chupa mkononi. Kama mzee alikuwa hai Jumapili saa sita, basi mpaka Jumatatu saa nne haikutimia hata siku moja. Ndani ya chupa kulipaswa kuwa na mayai, au vijidudu kama nyuzi za kushonea. Alikwenda dirishani, akainyanyua chupa kwenye mwanga. Funza walikuwa kumi na mmoja, wanono, na mmoja wao alikuwa amewapita wenzake kwa urefu na unene. Hakuhitaji hadubini.

Kitabu cha kupokelea sampuli za polisi kilikuwa na swali la mwisho chini ya ukurasa: je, mtayarishaji ana uhusiano wowote na tukio hili? Mara nyingi mno alikuwa ameweka alama penye hapana bila hata kusoma. Siku hiyo alisoma. Kisha mkono ukaweka alama palepale unapopajua.

Akajiambia kwamba kazi ni kazi. Akamwaga funza kwenye kibakuli cha kioo, akamchukua yule mkubwa kwa kibano. Desturi yake, na ndiyo aliyokwenda kuwafundisha wanafunzi wale, ni kumpima kila funza kwa rula ndogo na kuandika kabla ya wembe kumgusa. Siku hiyo hakupima. Alimkata sehemu ya nyuma, akaitia kwenye potashi, akaweka kibakuli juu ya sahani ya moto. Dakika kumi na tano zinatosha. Zikizidi sana, potashi huanza kuila ngozi yenyewe.

Zilipotimia kumi na tano, aliitazama saa ya ukutani akaona zimetimia. Akatoka nje ya chumba, akasimama kwenye ukumbi mbele ya dirisha linalotazama maegesho ya magari. Dereva wa taasisi alikuwa akiosha gari, akipuliza mluzi. Kibano alimwangalia anaosha tairi la kwanza, akamwangalia la pili. Mfagizi alipita akamsalimu, naye akaitikia vizuri tu, akauliza na habari za watoto. Aliporudi ndani zilikuwa zimepita dakika hamsini. Kwenye kibakuli palibaki kitu kama kamasi, na alipokigusa kwa sindano kilikatika.

Asingeweza kusema amesahau. Angeweza kuwaambia watu wote, lakini si yeye mwenyewe. Alimwaga kwenye sinki, akafungua bomba, akaacha maji yakaenda muda mrefu kupita kiasi. Halafu akawatazama wale kumi waliobaki. Walikuwa wadogo kidogo kuliko yule, lakini nao wangesema. Ingebidi awamalize wote. Alisimama na kibano mkononi, kisha akakiweka chini. Akawarudisha kwenye chupa, akakaza kizibo, akaifungia kabatini, akaaga kwamba kichwa kinamuuma. Ilikuwa saa nane mchana.

Kitinda alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Kibano alimkuta anapiga pasi, rundo la nguo kitandani, redio imezimwa. Mdogo wake alishangaa kumwona muda ule, akamsogezea kiti, akaendelea kupiga pasi, maana pasi ilikuwa ya moto. Walizungumza habari za Mama, usingizi wake, vidonge vyake vipya. Mwishowe Kibano akamwambia kwamba polisi wameleta chupa kazini kwao, na chupa hiyo imetoka nyumba namba kumi na saba.

Kitinda hakuinua macho. Alipiga pasi kola ya shati upande mmoja, akaigeuza, akapiga upande wa pili.

"Ni wakubwa?" aliuliza.

"Ni wakubwa."

Akaisimamisha pasi, akakaa ukingoni mwa kitanda juu ya nguo zilizokwisha kunyooshwa. Akaanza kusema kwa sauti ya chini, na safari hii maneno hayakuwa na mpangilio. Ijumaa alimwacha mzee saa kumi, mzima, ananung'unika kwamba chai haikukolea. Jumamosi asubuhi Mama aliamka hawezi hata kukaa. Kila akimwinua anatapika. Alimwosha, akambadilisha shuka mara tatu. Angemwachia nani? Alimpigia mzee simu, haikupokelewa. Akasema moyoni, masikio yake hayo. Akapiga tena mchana. Jumapili hali ilikuwa ileile. Simu ile ya mezani ilikuwa sebuleni na mzee mara nyingi hakuisikia, hiyo haikuwa ajabu. Alijishikiza na hilo siku mbili nzima. Jumatatu alipofungua mlango alijua kabla hajafika bafuni.

Kibano akamwuliza kwa nini hakumwambia yeye.

"Nilikupigia, Dada. Jumamosi saa tatu na nusu."

Kibano alikumbuka. Alikuwa mbele ya wanafunzi ishirini, kibano mkononi, na simu ikatetemeka mfukoni mwa koti. Aliitoa, akaona jina, akairudisha. Baadaye walikula, wakapiga picha, mkuu wa idara akamwambia hajapata kuona mikono kama yake. Alisema atampigia mdogo wake jioni. Jioni akasema ingekuwa kuna jambo angepiga tena.

"Ungepiga tena," alisema, na hapohapo akajua ni neno baya.

"Uliniambia nisikupigie labda nyumba iwe inaungua. Nyumba ilikuwa haiungui."

Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama. Kibano akamsihi aende polisi mwenyewe, leo hii, akafute maelezo yale. Kitinda akakataa katakata. Ameshatia saini, alisema, na mtu aliyemwacha mzee siku mbili nzima na kisha akadanganya hapewi mzee mwingine wa kutunza maisha yake yote. Hakumwomba dada yake awapoteze wale funza. Alisema tu, akiwa anaishika tena pasi, kwamba dada ndiye anayejua kazi yake mwenyewe. Kibano alirudi nyumbani na neno hilo, likakaa naye mpaka asubuhi. Hakumweleza mdogo wake kwamba mmoja ameshapotea.

Alhamisi saa mbili asubuhi, kabla Daktari hajakaa sawasawa kitini, Kibano aliingia ofisini kwake, akafunga mlango, akamwambia yote. Mtunzaji wa marehemu ni mdogo wake. Kwenye kitabu cha sampuli yeye mwenyewe ameandika uongo. Funza mmoja ameungua kwenye potashi, na hakuungua kwa bahati mbaya.

Daktari alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya usingizi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Aliuliza wamebaki wangapi. Kumi. Aliuliza aliyeharibika ni yupi. Mkubwa kuliko wote. Akavuta karatasi, akaomba urefu wake.

"Sikumpima," Kibano alisema.

Daktari aliiweka kalamu chini, akavua miwani, akajifikicha macho.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Hukumpima."

Kibano angefurahi zaidi kama angetukanwa. Daktari akapiga simu polisi mbele yake, akaeleza bila kumpaka mafuta wala kumkandamiza. Walizungumza muda mrefu. Mwisho wake wakakubaliana kwamba Daktari aandae waliobaki kwa mikono yake mwenyewe, siku hiyohiyo, na aandike kwenye ripoti kila kilichotokea. Kibano asiguse chochote.

Tatizo ni kwamba Daktari alikuwa hajaandaa slaidi kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa kusoma slaidi zilizoandaliwa na Kibano. Alikwenda kwenye meza ya Kibano akakaa kama mgeni kwenye jiko la mtu, hajui chumvi iko wapi. Baada ya kuhangaika na wembe, alisema bila kugeuka, "Kaa pale dirishani. Mikono mapajani. Usiguse. Sema tu."

Kibano akakaa dirishani, mikono mapajani, akasema. Alimwambia apime kwanza. Daktari akapima wote kumi na kuandika. Mrefu wao alikuwa milimita kumi na nne. Alimwambia akate wapi, potashi iwe ya moto kiasi gani, na zilipotimia dakika kumi na tano alisema "Toa" kwa sauti iliyomshtua yeye mwenyewe. Alimwambia asuuze mara mbili, asiwe na haraka kwenye spiriti, maji yakibaki kidogo tu mafuta ya karafuu yatafanya ukungu. Alimwona Daktari akishika kile kibano chake visivyo, juu mno, na vidole vyake mwenyewe vikawa vinajikunja mapajani. Slaidi ya kwanza iliingia kiputo cha hewa katikati. Akamwambia ashushe kigae kwa pembe, kama mtu anayefunga kitabu taratibu. Ya pili ikatoka vizuri. Ya tatu pia, na zilizofuata mpaka ya kumi.

Daktari aliinama kwenye hadubini kwa muda, akageuza kigurudumu, akaandika. Kisha akasogeza kiti pembeni, akamwashiria aje aangalie, mikono nyuma. Kibano aliinama. Ngozi ilikuwa safi, imeng'aa, rangi ya chai nyepesi, na katikati yalikaa matundu mawili kama macho, kila tundu na mipasuo mitatu iliyolala mshazari. Alikuwa ameiona mara elfu. Hakuwa amewahi kuiona ikimtazama.

Walipokuwa wanaosha vyombo, yaani Daktari akiosha na yeye akiangalia, sajini alikuwa nyumbani kwa Kibano, sebuleni, anakunywa chai na Mama. Alikuwa anapita kwa kila aliyehusika. Mama hakuwa ameelezwa kitu chochote. Walimficha habari za mzee wasimpandishe presha. Sajini alipouliza kuhusu binti yake mdogo, Mama, ambaye hupenda mgeni, alimmwagia mtama wote. Akamsifu Kitinda kwamba hakuna binti kama yule. Kwamba tangu Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni hakutoka mlangoni hata kwenda dukani, alimwosha na kumlisha kama mtoto mchanga, na shuka alizifua kwa mkono. Sajini akaandika. Mama akamwomba aandike pia kwamba Mungu atambariki.

Ijumaa asubuhi Kitinda aliitwa kituoni. Mtoto mmoja wa marehemu alikuwa amefika kutoka ng'ambo, akasema mbele yake aliyokuwa akiyawaza njia nzima kwenye ndege: kwamba baba yake alianguka Jumamosi au Jumapili, akalala sakafuni anaita, ana kiu, na aliyepaswa kumsikia hakuwepo. Kitinda alieleza baadaye kwamba na yeye alikuwa akiyasikia hayohayo kila akifumba macho.

Ripoti ya Daktari ilifika saa saba mchana. Ilisema funza wote kumi walikuwa katika umri wa tatu, kwa hiyo maelezo ya Jumapili hayawezekani. Ilisema pia kwamba kwa joto la siku zile mayai yalitagwa kati ya Ijumaa kabla ya jua kuzama na Jumamosi muda mfupi baada ya kupambazuka, kwa kuwa nzi kwa kawaida hatagi gizani. Nzi hutagia aliyekwisha kufa, Daktari aliandika, ingawa mara chache sana humtagia hata aliye hai asiyeweza kujisogeza. Funza wanasema lini mayai yalitagwa, hawasemi zaidi ya hapo. Na iliongeza kwamba funza mmoja, mkubwa kuliko wengine, aliharibiwa na mtayarishaji mwenye uhusiano na shahidi, bila kupimwa. Kama angekuwepo, saa ingejulikana kwa karibu zaidi.

Kwa hiyo slaidi zilezile zilizouvua nguo uongo wa Kitinda ndizo zilizomwondolea lile kosa kubwa, la kumwacha mzee afe. Hata angekwenda Jumamosi asubuhi, angemkuta mzee amekwisha kufa au yuko mwishoni kabisa. Mtoto wa marehemu alisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja, akatoka bila kumwangalia mtu. Kitinda alishtakiwa kwa kutoa maelezo ya uongo, akapewa kifungo cha nje cha miezi sita, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya watunzaji. Kibano alipewa barua ya onyo na kuzuiwa kugusa sampuli za polisi mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Chuo kile kikaandika kumwalika tena. Hakujibu.

Kitinda alihamia kwa Kibano, kwa kuwa Mama alihitaji mtu mchana na yeye hakuwa na kazi. Wawili hao waliishi chini ya bati moja wakizungumza mambo ya dawa, maji na nguo. Mama aliona kuna jambo, akawauliza wamegombania nini, wakamwambia hakuna. Akasema wanadhani yeye ni kipofu.

Siku moja, Jumamosi mchana, walikuwa uani wanafua. Kitinda alikuwa anakamua shuka, na Kibano ameshika ncha ya pili.

"Yule mliyemuunguza," Kitinda alisema. Alisema mliyemuunguza, kana kwamba walikuwa wengi. "Alikuwa mkubwa sana?"

"Alikuwa mkubwa."

"Kuliko wale wengine wote?"

"Kuliko wote."

Kitinda alikuwa ameisoma ripoti, na kwa siku nyingi alikuwa akizunguka mahali pamoja. Kama mayai yalitagwa Jumamosi asubuhi, basi usiku mzima wa Ijumaa haujulikani. Huenda mzee alilala pale usiku kucha, macho wazi. Kama yalitagwa Ijumaa kabla ya giza, basi mzee alikata roho mara tu baada ya yeye kufunga mlango, labda hakujua hata kilichompiga. Yote yalikuwa kwenye milimita mbili au tatu za funza mmoja.

"Wewe ulimwona kwa macho yako," alisema. "Ilikuwa Ijumaa au Jumamosi?"

Kibano alijaribu kumwona tena pale dirishani, kwenye mwanga, ndani ya chupa. Alikuwa wa milimita kumi na saba. Au kumi na tano, na kioo cha chupa kimemkuza. Tangu siku ile alikuwa akikua kila alipomkumbuka, na Kibano alijua ni nani anayemlisha. Katika miaka kumi na tisa hakuwa amewahi kuandika kwenye lebo kitu ambacho hakukipima.

"Ijumaa," alisema. "Kabla ya jua kuzama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kitinda alimtazama muda mrefu, jicho kwa jicho, kama anayetafuta kitu kidogo sana. Kibano hakujua ameona nini. Kisha mdogo wake akaizungusha ncha yake ya shuka kulia, naye akaizungusha yake kushoto, wakakamua mpaka maji yakaacha kutiririka, wakaianika. Mama akaita kutoka ndani kwamba ana kiu, na wote wawili wakaitikia kwa pamoja. Kitinda ndiye aliyekwenda.